Miezi ya Kungoja Chuo
Somo la redio kwa vijana wanaomaliza kidato cha sita, na kwa wazazi wao

Maneno haya yalisemwa redioni jioni moja, nayo yamepigwa chapa ili wale ambao hawakusikiliza, au waliosikiliza nusu kisha wakaitwa kwenda kufunga mbuzi, wapate kuyasoma kwa nafasi. Nimeyaacha kama yalivyosemwa. Nasema nawe kijana uliye kidato cha sita, na pia na mama na baba walio karibu nawe, ambao huulizana usiku ukiisha kulala, "Huyu atakaa hapa nyumbani mpaka lini?"

Kwanza tuhesabu. Hapa Tanzania mtihani wa kidato cha sita hufanywa mwezi wa Mei. Matokeo hutoka yapata mwezi wa Julai. Vyuo vikuu hufungua milango mwezi wa Oktoba au Novemba. Baadhi yenu mtaitwa na Jeshi la Kujenga Taifa, yaani JKT, kwa mafunzo ya miezi mitatu, na aliyeitwa sharti aende, kwa kuwa hiyo ni sheria. Lakini hata huyo hubakiwa na majuma kadhaa mkononi. Asiyeitwa anayo miezi mitano au zaidi. Ndugu zetu wa Kenya hungoja hata kuwapita ninyi, maana mtihani wao wa mwisho humalizika Novemba, na vyuo vikuu huwapokea Agosti au Septemba ya mwaka unaofuata. Kwa mtu wa miaka 19, muda huo si mfupi. Mahindi hupandwa, yakapaliliwa, yakavunwa na kuingizwa ghalani, naye bado yupo barazani na simu yake.

Nataka kukuomba uutoe muda huo, au sehemu yake, kwa kazi ya kujitolea.

Najua utakalouliza, kwa sababu nimeulizwa mara nyingi. "Je, nikijitolea nitapata chuo upesi zaidi?" Sitaki kukudanganya. Ukiomba chuo kikuu hapa nchini, kinachoangaliwa ni ufaulu wako katika mitihani, masomo uliyofaulu na alama zake. Hata ukiwa umefagia zahanati mwaka mzima, hutaongezewa alama moja. Vyuo vingi vya Marekani vina desturi nyingine. Katika fomu moja ya maombi itumiwayo na mamia ya vyuo vya huko, mwombaji hupewa nafasi ya kutaja mambo mpaka kumi aliyoyafanya nje ya darasa, na kazi ya kuwasaidia wenzake ni mojawapo. Wafadhili wengi watoao fedha za masomo kwa vijana wa Afrika nao huuliza vivyo hivyo. Basi kama unayo nia ya kuomba huko, kazi ya kujitolea itakufaa. Lakini wengi wenu mtasoma hapa hapa, na kwenu ninyi siwezi kuleta sababu hiyo. Ninazo nyingine.

Wengi huchagua fani ya kusoma bila kuijua hata kwa harufu. Mtoto husema "Nitakuwa daktari" tangu darasa la tatu, kila mtu humpigia makofi, naye hufika chuoni pasipo kupata kukaa hata nusu siku wodini. Nilipata kumfahamu kijana mmoja aliyekwenda kujitolea katika kituo cha afya, akiwa amekwisha kuchagua udaktari. Kazi yake ilikuwa kupanga kadi za wagonjwa na kuwasaidia akina mama kupandisha watoto mizanini. Siku ya nne akaona jeraha likifunguliwa, akaanguka chini kama gunia. Watu walimcheka. Lakini aliendelea kwenda, na mwisho akagundua kwamba kilichompendeza zaidi ni zile kadi: ni watoto wangapi wamekuja, ni wangapi wamepungua uzito, ni kitongoji gani hakileti watoto, na kwa nini. Akaenda kusoma takwimu. Laiti angegundua hayo baada ya miaka miwili ya chuo, mkopo ungekuwa umeliwa na baba yake angekuwa amekwisha kuuza ng'ombe.

Lakini hata hiyo siyo sababu yangu kubwa. Sababu yangu kubwa ina historia, nami nitaieleza, kwa kuwa vijana wa leo hawakuambiwa.

Katika nchi yetu, shauri la kijana aliyesoma na deni lake kwa wasiosoma si jipya. Mwaka 1966 serikali ilipotangaza kwamba wahitimu wa vyuo watatumikia taifa kwa miaka miwili, na kwa muda wa miezi 18 watapokea asilimia 40 tu ya mshahara, wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam waliandamana mpaka Ikulu kukataa. Ilikuwa tarehe 22 Oktoba. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao karibu wanafunzi 400, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Baadaye wengi wao waliruhusiwa kurudi chuoni. Kisha mwezi wa Novemba mwaka 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuamua kwamba mtu asitoke kidato cha sita na kuingia chuo kikuu moja kwa moja, bali afanye kazi kwanza, na waliofanya kazi naye wamshuhudie tabia yake. Hilo ndilo Azimio la Musoma. Halikudumu kama lilivyoandikwa. Baada ya muda mfupi wanawake waliruhusiwa kwenda moja kwa moja, kwa maana idadi yao chuoni ilikuwa imepungua, na katika miaka ya 1980 masharti yakalegezwa kwa wengine pia. JKT nayo ilisimamishwa kwa vijana wa shule mwaka 1994 ikarudishwa mwaka 2013.

Wako wanaosema Azimio lile lilikuwa kosa, na wako wanaosema kuliacha ndiko kulikokuwa kosa. Mimi naona kulikuwa na hekima ndani yake na kulikuwa na kasoro, na kasoro yenyewe ni kwamba mtu aliyeamriwa kutumikia hawezi kujua kama angetumikia bila kuamriwa. Nasema hivi kwa sababu mimi ni mmoja wao.

Nilimaliza kidato cha sita mwaka 1974. Nilikuwa nimejiona tayari ni mtu wa chuo kikuu. Nikapitia JKT, kisha nikapangiwa ukarani katika ofisi moja wilaya ya Muheza, mkoa wa Tanga, kati ya mashamba ya mkonge. Nilikuwa na hasira. Niliandika barua nyingi za malalamiko kwa rafiki zangu, nao walikuwa na hasira kama mimi, kwa hiyo tulielewana vizuri sana.

Siku zile kisomo cha watu wazima kilikuwa kimepamba moto. Mwaka 1970 ulikuwa umetangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya redio iitwayo Mtu ni Afya, ambayo watu wapatao milioni mbili walisikiliza katika vikundi kwa majuma kumi na mawili, kila kikundi na kiongozi wake na kitabu chake, wakimaliza kusikiliza wanakwenda kuchimba vyoo. Viongozi wa vikundi peke yao walikuwa yapata 75,000. Hawakuwa maprofesa. Walikuwa walimu wa shule za msingi, wakulima waliojua kusoma, na vijana. Mara kwa mara huwa nafikiri kwamba hakuna chuo kingeweza kufanya kazi ile.

Basi bwana mmoja, mwenyekiti wa kijiji kilichokuwa karibu na ofisi yetu, akaja akaniambia darasa lao la kisomo halina mwalimu, na kwa kuwa mimi sina mke wala shamba, jioni zangu zinapotea bure. Hakunilazimisha. Hilo lilikuwa jambo la kwanza katika miaka miwili ambalo nilikuwa na uhuru wa kulikataa. Nikakubali, na sijui hasa kwa nini, labda kwa upweke.

Tulikutana mara tatu kwa juma chini ya mwembe, saa kumi alasiri. Juma la kwanza walikuja watu kumi na tisa, juma la pili saba, juma la tatu watatu. Nikaenda kwa mwenyekiti kumwambia watu wake hawapendi elimu. Akaniuliza, "Mwalimu, saa kumi wewe huwa wapi?" Nikasema huwa nimetoka kazini. Akasema, "Na mwanamke wa hapa, saa kumi huwa wapi?" Sikujua. Alinichukua akanionyesha: kisimani, foleni ya ndoo. Tukageuza, tukawa tunakutana saa nane, mimi nikaomba ruhusa ofisini siku hizo na kurudi kumalizia kazi jioni. Wakarudi kumi na wanne. Nimefundisha miaka mingi tangu hapo, na nimesoma vitabu vya namna ya kufundisha, lakini swali lile la mwenyekiti ndilo lililonifaa zaidi. Ukienda kujitolea mahali, kwanza uliza watu wa pale huwa wapi, na saa ngapi.

Katika wale kumi na wanne alikuwako mama mmoja wa makamo. Alikuwa hasemi sana. Mimi nilimwamkia shikamoo kila nilipofika, maana alikuwa rika la mama yangu, naye aliitika marahaba kisha akaniita mwalimu, na darasa likianza alisimama kama mtoto wa shule nikimwuliza jambo. Mwanawe wa kiume alikuwa akifanya kazi bandarini Dar es Salaam, na kila baada ya miezi miwili alimwandikia barua na kumpelekea hawala ya posta. Barua ilisomwa na jirani. Siku moja aliniambia, polepole, akitazama chini, kwamba habari zilizokuwa ndani ya barua zilikuwa zinafika kisimani kabla yake. Watu walikuwa wanajua mwanawe ameugua ugonjwa gani. Watu walikuwa wanajua ameacha mke. Na zile fedha, jirani alisema shilingi ishirini, naye alipokea ishirini, lakini moyo wake haukutulia. "Simshitaki mtu," alisema. "Nataka nione kwa macho yangu."

Alisoma kwa bidii ambayo sijaiona tena. Alikuwa akiandika herufi kwa kijiti mchangani akingoja zamu ya kisima. Alipofika hatua ya kusoma maneno matatu matatu, alinijia na bahasha, akasema nisimsomee, nikae tu karibu. Alisoma jina lake juu ya bahasha. Alikaa nalo muda mrefu. Hakuifungua siku ile.

Mwaka 1977 nikapata nafasi ya chuo kikuu. Mtihani wa taifa wa kisomo ulikuwa umekaribia, ule ambao ungewapima wanafunzi wangu wote wapate vyeti vya hatua zao. Nilikuwa na siku kumi za kujitayarisha. Nilishona suruali, nikaenda kuwaaga ndugu zangu, nikafanya tafrija ndogo na makarani wenzangu. Mpaka leo siwezi kueleza vizuri jinsi ilivyokuwa, lakini sikwenda kijijini kuaga. Nilijiambia mwenyekiti atawapasha habari. Nilijiambia watapata mwalimu mwingine. Nadhani ukweli ni kwamba nilikwisha kujiona nipo Dar es Salaam, na wale watu chini ya mwembe walikuwa wa jana.

Nilipita Muheza tena baada ya mwaka mmoja na miezi kadhaa. Mwenyekiti alinipokea vizuri, akanipa madafu. Akaniambia kwamba jumatatu ile walikuja, wakangoja. Jumatano wakaja, wakangoja. Yule mama alikuja majuma matatu mfululizo, akikaa chini ya mwembe na daftari lake, na watu wakimwuliza anajibu, "Mwalimu ni mgonjwa." Alikuwa ananitetea. Mwalimu mwingine hakupatikana, na darasa lilikufa. Nikauliza kama naweza kumwona. Alikuwa amehamia Dar es Salaam kwa mwanawe. Mwenyekiti hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma.

Nimekusimulia haya kwa sababu vitabu vya kuhimiza vijana kujitolea hueleza faida tu: utajifunza uongozi, utapata marafiki, utapanua mawazo. Yote ni kweli. Lakini mtu unayemsaidia naye anatoa kitu. Anatoa saa zake, anatoa aibu yake, anakukabidhi lile jambo ambalo hajamwonyesha mtu. Usipokwenda kabisa, hajapoteza kitu. Ukienda nusu ya njia, umemchukulia. Kwa hiyo sharti langu la kwanza kwako ni dogo sana: siku ile ya kwanza, kabla hujashika chaki wala fagio, waambie watu utaondoka lini. Waambie tarehe. Sema, "Nitakuwa nanyi mpaka tarehe 30 Septemba." Kisha chagua kazi inayoweza kumalizika kabla ya tarehe hiyo, au inayoweza kushikwa na mtu mwingine, na mtafute mtu huyo ungali upo.

Hata Waingereza walijifunza jambo linalofanana na hilo. Mwaka 1958 lilianzishwa kwao shirika la VSO, na watu wake wa kwanza walikuwa vijana kama wewe, waliomaliza shule wakingoja chuo kikuu, wakatumwa nchi za mbali. Walikuwa na moyo mwema. Lakini toka mwaka 1962 shirika likaanza kupeleka waliokwisha kuhitimu, maana nchi zilizowapokea zilitaka watu wenye ujuzi. Nasi tulikuwa na jambo letu. Katika miaka ya 2000, shule za kata zilipofunguliwa kwa wingi, vijana wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya majuma machache wakapelekwa kufundisha sekondari, na watu wakawabandika jina la "vodafasta", kama ile vocha ya simu. Jina lile lilikuwa la kejeli, na baadhi yao hawakulistahili kabisa, lakini somo limo ndani yake.

Sasa utaniuliza, "Basi mtu wa kidato cha sita anajua nini?" Anajua mengi, akitafuta kazi ya kimo chake. Usitoe dawa wala kumchoma mtu sindano, hata nesi akichoka na kukuomba. Usiende kwenye kituo cha watoto yatima ukabebe watoto kwa majuma mawili na kupiga picha. Watoto wale wamekwisha kuachwa mara moja, hawahitaji kuzoea mgeni mwingine atakayeondoka. Lakini unaweza kukaa na watoto watano wa darasa la nne wasiojua kusoma, kila alasiri, mpaka wakajua. Unaweza kumsaidia mtunza maktaba wa shule yako ya zamani kupanga vitabu vilivyorundikwa stoo. Unaweza kwenda Msalaba Mwekundu ukajifunza huduma ya kwanza, kisha ukawa mmoja wa wale wanaosimama kando ya uwanja siku za mechi. Ukiwa na miaka 18 na uzito wa kilo 50, nawe ni mzima, unaweza kutoa damu. Mwanamume hutoa kila baada ya miezi mitatu na mwanamke kila baada ya minne. Hiyo ni kazi ya nusu saa, na chai unapewa.

Na iko kazi moja ambayo naiona imetuzunguka pande zote wala hakuna anayeihesabu kuwa kazi. Yule mama wa Muheza angekuwapo leo, asingeletewa bahasha. Angepata ujumbe wa simu. Fedha za mwanawe zingeingia humo humo simuni, na ili azitoe ingempasa kubonyeza namba ya siri. Nenda kwa wakala yeyote siku ya gulio uangalie: wazee wangapi humpa simu kijana wasiyemjua wakamtajia namba ya siri kwa sauti, foleni nzima ikisikia? Mambo yale yale ya jirani na barua, ila sasa fedha zote zinaweza kuondoka kwa mara moja. Wewe unayejua kutumia simu kuliko unavyojua kuchota maji, ukikaa na bibi yako na rafiki zake wanne, siku mbili kila juma, mpaka kila mmoja awe anasoma ujumbe wake mwenyewe na kubonyeza namba yake mwenyewe akiwa amekupa mgongo, utakuwa umefanya kitu. Usiwabonyezee. Hilo ndilo gumu. Mikono yako itawasha, utataka kuishika simu uyamalize kwa dakika moja. Weka mikono nyuma.

Sasa niwageukie wazazi, maana najua wameanza kuguna.

Mzazi mmoja aliniambia, "Kujitolea ni jina jipya la kutumikishwa bure." Sikumbishia sana. Wako wenye mashirika na biashara wanaowaweka vijana mwaka mzima kwa jina la kujitolea, wakifanya kazi ya mtu wa mshahara, huku mshahara ule ukibaki kwa mwenye mali. Mimi mwenyewe binti wa ndugu yangu alikaa kwenye ofisi moja miezi kumi na minne akiahidiwa ajira, nayo haikuja. Basi tofautisheni. Kama kazi ile inamletea mtu faida mfukoni, hiyo si ya kujitolea, na kijana adai ujira. Kama inawafaa watoto wa shule, wagonjwa, wazee au kijiji kizima, hiyo ndiyo tunayoizungumza. Wazee wetu hawakuwa na shida ya kutofautisha. Tanga na Upareni watu walipoitwa kwenye msaragambo kuchimba mfereji, walijua mfereji ni wa wote. Rwanda mpaka leo Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi watu hutoka kufanya umuganda.

Mwingine atasema nyumbani hakuna chakula, na kijana inampasa achome mkaa au auze maandazi. Huyo asiaibishwe na mtu. Anayeilisha nyumba yake anatumikia tayari. Akiweza alasiri moja kwa juma, itatosha, nayo iwe mahali pa kwenda kwa miguu, kwa maana nauli ya daladala imewashinda wengi kabla ya moyo kuwashinda.

Na kuhusu mabinti, mama, haki yako kuuliza. Mjue anayesimamia kazi ile, uende mwenyewe ukamsalimu. Wasichana waende wawili wawili. Kazi ifanyike mahali pa wazi, na ikome kabla ya magharibi. Mtu akimwambia binti yako abaki peke yake ofisini "kumalizia kazi", binti ajue kwamba ana ruhusa yako ya kuondoka papo hapo bila kuaga. Hapo tu ndipo ninaporuhusu mtu aondoke bila kuaga.

Basi kijana, fanya hivi. Usingoje matokeo. Juma lile la kwanza baada ya mtihani lala, ule, utembelee rafiki zako, hiyo ni haki yako. Juma la pili nenda kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi uliyosoma, au kwa mganga wa zahanati, au kwa mtendaji wa kijiji au mtaa. Usiende na maneno ya "nataka kuwasaidia". Nenda na maneno haya: jina langu ni fulani, mtoto wa fulani, nina nafasi kuanzia tarehe fulani mpaka tarehe fulani, siku hizi na saa hizi, na ninayoyaweza ni haya. Kisha nyamaza, usikilize watakalosema wanalihitaji. Huenda wakakupa fagio. Lipokee. Nunua daftari la kurasa 32, na kila jioni andika mistari mitatu: nilifanya nini, niliona nini, nilikosea wapi. Mwisho wa miezi ile mwombe msimamizi wako barua fupi yenye tarehe na muhuri, hata kama hujui utaipeleka wapi.

Ninyi mnaosoma haya katika kikundi, msitawanyike kwanza. Zungumzeni maswali mawili. La kwanza: katika kijiji chenu au mtaa wenu, ni nani anayesomewa ujumbe wake na mtu mwingine, na yeye mwenyewe anaonaje? Mkamwulize, msimsemee. La pili ni la vijana peke yao, wazee wanyamaze kidogo: ukiambiwa leo utaje tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza, utataja zipi? Ziandikeni nyuma ya karatasi hii, kila mmoja na jina lake, na karatasi abaki nayo mtu ambaye hataondoka kijijini.